Mama teja naye ana mtoto anayempenda

Kwenye tamthilia zetu mama akishagusa unga wa kulevya tu basi, mwandishi ameshammaliza, sini inayofuata yuko stendi nywele timtim anaomba jero, halafu anakufa au mtoto anapelekwa kwa bibi, na sisi tulioko sebuleni tunasema si ndo hivyo, alijitakia. Inaniuma sana hii kitu.

Juzi nimerudia kuangalia Moonlight ya 2016, ile iliyobeba Oscar ya filamu bora 2017. Wengi wanamzungumzia yule kijana Chiron na ni haki yake kabisa, ila mimi macho yangu yanabaki kwa mama yake, Paula. Huyu ni nesi jamani. Unamwona na sare za kazini, anamgombeza mwanae kwa kutorudi nyumbani, mama kama mama yeyote wa Pasua au Njoro hapa Moshi, halafu kidogokidogo kokeini ya kuvuta inamchukua na bado humwoni kama mnyama, unamwona anampenda mtoto na anamuumiza vibaya, yote mawili. Naomie Harris aliyemwigiza alisita mwanzoni, alishaona wanawake weusi wanapewa sana hizo nafasi za mateja. Kilichomlainisha ni kujua kwamba Barry Jenkins aliyeongoza na Tarell Alvin McCraney aliyeandika hadithi, wote wawili mama zao walipambana na uraibu. Sini zake alizirekodi kwa siku 3 tu! Na Paula hafi. Mwishoni yuko Atlanta kwenye kituo cha waliokuwa watumiaji, ameacha, anafanya kazi hapohapo, anamwomba mwanae msamaha.

Sasa rudi huku kwetu. Baba akilewa mbege tunamwita mzee wa mbege na tunacheka naye, mama akilewa ukoo unaitana kikao. Na teja wa kike kwenye luninga ni yuleyule kila siku, binti maskini, Kiswahili cha Dar, kavaa vibaya. Mama wa Machame mwenye duka Double Road yuko wapi? Mwalimu aliyekuwa anaficha viroba vya pombe kali kwenye pochi kabla havijapigwa marufuku 2017 je? Wapo, tunawajua, tunakaa nao kanisani na kwenye vikoba, ila hakuna anayewaandika kwa hiyo wakiumwa wanaona ni wao peke yao duniani.

Wifi yangu ni nesi na tukianza haya mazungumzo hatulali. Anasema wakina mama wanachelewa kuja kliniki kwa sababu wanaogopa wakijulikana watanyang'anywa watoto, na wengine mume ndo anayewaletea huo unga, sasa atatokaje. Methadoni, ile dawa mbadala ya heroini, ilianza kutolewa Muhimbili 2011, baadae ikasambaa mikoani, unaenda kila siku unakunywa dozi yako mbele ya mhudumu, arosto, yale mateso ya kukosa unga, inatulia, unaweza kupika na kwenda kazini. Mjamzito anayetumia heroini haambiwi aache ghafla, Shirika la Afya Duniani lilishaeleza kwenye mwongozo wake wa 2014 kwamba apewe dawa mbadala, na akijifungua akiwa ametulia kwenye methadoni anatiwa moyo anyonyeshe. Hebu niambie ni tamthilia gani ya kwetu umemwona mama wa hivyo, ananyonyesha, kesho asubuhi yuko foleni ya dozi? Mimi sijamwona na ninaangalia nyingi.

Ninachotaka ni waandishi wakae na wanawake waliopitia, wawasomee skripti, wawalipe kama wanavyomlipa mpiga picha, na yule mama aongee kama tunavyoongea Moshi sio kama wa Masaki kule Dar. Wifi anasema nani atainunua tamthilia ya hivyo, watu wanataka ugomvi wa mahari. Nikamwambia ugomvi upo mwingi tu, mama mkwe anamshika mjukuu anakataa kumrudisha na mama wa mtoto ana miezi kadhaa hajagusa unga, hapo nani ana haki? Tumebishana mpaka chai ikapoa, yeye yuko upande wa bibi, mimi niko kwa mama.