Tulivyomfuata bibi harusi wa mwaka 1475, kutoka Landshut hadi Burghausen

Nianze na ushauri tuliopewa, maana hadi leo unaniudhi. Kila tuliyemwambia kwamba mimi na Baba Salma tunataka kuona ngome za kale za Ujerumani alitutajia mahali pamoja tu: Neuschwanstein. Ukishaiona hiyo umeziona zote, walisema. Mmoja aliyejifanya mwenyeji zaidi akatuhakikishia kwamba tikiti ziko tele, tutakata palepale mlangoni. Tukaenda mwanzoni mwa Julai 2023, likizo imepamba moto, tukakuta tikiti za siku ile zimekwisha kitambo. Tukalitazama jengo kwa nje, tukapiga picha, tukarudi kwetu Munich jioni na nauli imeshakwenda.

Nasema wazi: Neuschwanstein ni zuri kwa macho, ila ngome ya kale siyo. Mfalme Ludwig II alianza kulijenga mwaka 1869, wakati garimoshi tayari linapita Bavaria, nchi yake kusini mwa Ujerumani. Akafa 1886 jengo halijamalizika, na wiki chache baadaye wageni wakaanza kuingizwa kwa kiingilio. Anayependa nakshi na mandhari aende, lakini akate tikiti mtandaoni mapema. Sisi tulitaka mahali ambapo watu waliishi kweli, wakaoana, wakagombana, wakazikwa.

Aliyetupa habari ya maana ni bibi mmoja mzee wa ghorofa ya chini tunapokaa. Aliposikia tumerudi mikono mitupu alituambia twende mji wa Landshut, kwa sababu mwaka ule walikuwa na harusi yao.

Harusi yenyewe ni hii. Novemba 1475, Georg, mwana wa mtawala wa Bavaria-Landshut, alimwoa Hedwig, binti wa mfalme Kazimir IV wa Poland. Bwana harusi miaka 20, bibi harusi 18. Binti wa watu alisafiri kutoka Krakow karibu miezi miwili, baridi imeanza, kwenda kuolewa na mtu asiyemjua wala kuijua lugha yake. Kaizari Friedrich III mwenyewe alihudhuria, na wageni walikuwa kama 10,000. Hesabu za jikoni zimehifadhiwa mpaka leo: ng'ombe zaidi ya 300, kuku 40,000. Mimi nimewahi kusimamia sufuria za pilau kwenye shughuli za ukoo wetu kule Tanga, kwa hiyo niliposoma hesabu ile nilimfikiria kwanza yule aliyepewa kazi ya kunyonyoa.

Mwaka 1903 wenyeji wa Landshut walianza kuigiza harusi ile mitaani, na siku hizi hufanywa kila baada ya miaka minne. Ile iliyopangwa 2021 iliahirishwa kwa ajili ya korona, ndiyo ikaangukia 2023, wiki kadhaa za Juni na Julai. Waigizaji ni zaidi ya 2,000, wote wenyeji wa pale. Wanaume hawavai nywele za bandia, wanafuga zao. Saa ya mkononi na miwani ya kisasa ni marufuku. Niliyapenda hayo kabla hata sijafika.

Safari haikuwa na tabu. Tulikuwa na ile tikiti ya treni na mabasi iliyokuwa euro 49 kwa mwezi wakati ule, na treni ya Munich hadi Landshut ilikuwa humohumo. Salma tulimwacha kwa shangazi yake.

Tabu ilikuwa nafasi ya kutazama. Msafara wa bibi harusi hupita Jumapili mchana, saa nane, na viti vya jukwaani vilikuwa vimenunuliwa miezi mingi nyuma. Watu wakatuambia basi tusihangaike, tutaona migongo tu. Hapo ndipo mume wangu alipoonyesha akili yake, na hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu kila atakayekwenda litamfaa.

Tulifika mapema, kama saa tano asubuhi. Mtaa mkuu, wanaouita Altstadt, ni mpana, umenyooka kaskazini hadi kusini, na nyumba zake za kale zimesimama bega kwa bega pande zote mbili. Ukigeuka unaona mnara wa kanisa la St. Martin, wa matofali matupu, mita 130. Upande wa mashariki wa mtaa watu walikwisha kujaa, wamekunjua viti vyao vidogo kwenye kivuli, wanakunywa kahawa. Upande wa magharibi jua lilikuwa kali na ukingo wa barabara uko wazi kabisa. Mimi nikaanza kujipenyeza mashariki kwenye kivuli. Baba Salma akanishika mkono.

"Mama Salma, hapo usikae. Twende ng'ambo."

Nikamuuliza kama anataka tuungue. Yeye akanyoosha kidole juu ya mapaa. Huyu mtu amekulia sokoni, marehemu baba yake alikuwa akiuza machungwa ya Muheza barabarani pale Tanga, na tangu mtoto alikuwa akitumwa alfajiri kuwahi nafasi ya meza. Mwenye meza hatazami kivuli cha asubuhi, anatazama kitakapokuwa mchana wakati wateja wanapokuja na machungwa yanapoanza kunyauka. Akaniambia saa nane jua litakuwa juu ya vichwa vya wote, baada ya hapo linavuka, na nyumba zilizo mgongoni petu ndizo zitakazotufunika. Hawa wenzetu wa ng'ambo litawapiga usoni msafara mzima.

Tukavuka. Tukachagua ukingo wa mbele kabisa, bila mtu mbele yetu. Nilikuwa nimebeba doti ya kanga, maana mimi sisafiri bila kanga. Kipande kimoja tukajitanda vichwani wakati wa kungojea, cha pili tukakitandika. Saa tatu za kusubiri zilikuwa ngumu, sitaki kumdanganya mtu: bebeni maji mengi. Lakini msafara ulipoanza kupita, kivuli nacho kilianza kututambalia kutoka nyuma, polepole, mpaka kikatufunika miguu. Ng'ambo watu walijifunika kwa magazeti na kofia, wengine wakanyanyuka kabisa na kuacha nafasi walizozilinda tangu asubuhi. Mama mmoja mtu mzima wa Landshut alikuja upande wetu akiwa amechoka, nikamkunjulia kanga akakaa nasi, na yeye ndiye aliyetueleza kila kundi lililopita ni la nani. Mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wapiga ngoma, nywele zimemfika mabegani. Alipompita, yule bibi alisimama akapiga kelele ya "Hallo!", ambayo ndiyo salamu ya siku ile, na mtaa mzima ukaitika.

Na nilichokuwa sikukitegemea ni muziki. Sikia zumari! Wapigaji walikuja wakiwa wamejaza mashavu, sauti ileile kali ya puani ambayo kwetu pwani ukiisikia unajua kuna shughuli. Chombo chao na zumari letu ni vya ukoo mmoja, vyote vinapigwa kwa ulimi wa matete mawili mdomoni. Wakapita watu wa Poland na manyoya yao, wakapita wenye mikuki, wakapita watoto. Bibi harusi alipotokea kwenye gari lake la dhahabu nilipiga vigelegele kwa nguvu zangu zote. Watu waligeuka. Msichana akatazama kwetu akapunga mkono, na Baba Salma anashuhudia.

Siku ya pili tulipanda ngome ya Trausnitz, juu ya mji. Ngazi ni nyingi, vaeni viatu vya maana. Ngome hii ilianzishwa 1204, na mwaka 1961 moto uliteketeza sehemu kubwa ya vyumba vya ndani. Ngazi moja iliyochorwa vichekesho vya waigizaji wa Kiitalia, vya karne ya 16, ilipona. Nenda hata kwa hiyo ngazi tu.

Lakini mimi nilikuwa bado na yule binti moyoni. Baada ya sherehe alipelekwa wapi? Jibu ni Burghausen, mashariki zaidi, mpakani na Austria. Tukapanda treni tukamfuata, tukibadilisha pale Mühldorf.

Ngome ya Burghausen ina urefu wa zaidi ya kilomita moja, inatajwa kuwa ndefu kuliko zote duniani. Unatembea juu ya mgongo wa kilima, ua baada ya ua, nyua sita, huku Mto Salzach chini upande mmoja na ziwa dogo upande wa pili. Kuingia kwenye nyua hakulipiwi, na ndani yake watu wanaishi hadi leo, wameanika nguo na kupanda maua. Hapa Hedwig aliishi mpaka alipofariki 1502. Wanawe wa kiume walikufa wadogo. Georg akafa mwaka uliofuata, akiwa ameusia nchi kwa binti yao Elisabeth, na wosia huo ukazua vita vya 1504 na 1505.

Pale kwenye ukingo wa ngome tulibishana. Wapo wanaosimulia kwamba Georg alimtupa mkewe huku, yeye akaponda raha Landshut, na Baba Salma aliamini hivyo na kukasirika. Mimi sikubali. Amalia, mama mkwe wa Hedwig, naye aliishi Burghausen kabla yake; ilikuwa makao ya wake wa watawala, yenye watumishi na kanisa lake. Kwamba alikuwa mpweke, hilo nalikubali. Kilomita nyingi kutoka kwao, watoto wanakufa, mume yuko mji mwingine. Upweke wa ugenini tunaujua sisi tuliohamia huku, na si lazima mtu awe amekufungia mlango.

Hedwig amezikwa Raitenhaslach, kwenye kanisa la monasteri ya zamani, kilomita chache kufuata mto. Tulikwenda. Mtu akifika Burghausen asirudi bila kupita huko.

Harusi ijayo ni 2027. Wifi yangu ameshasema atakuja kutoka Tanga, nami nimemwambia aanze mapema habari ya viza na alale kwetu Munich, kwani nyumba za wageni za Landshut siku zile hujaa na bei hupanda. Kanga nitampa mimi.