Matapeli walivyojifanya mchungaji wetu na tulichofanya

Mi ndo nashughulika na mawasiliano kanisani, yaani magrupu ya WhatsApp, ukurasa wa Facebook, matangazo na vitu kama hivyo, kwahiyo akaunti feki za mchungaji zilipoanza kuwatext washirika maswali yote yaliishia kwangu.

Nilianza kwa kuomba watu wanitumie skrinshoti, na ukizisoma kwa pamoja unaona zote zina mwendo mmoja. Anakusalimia kwanza, Bwana asifiwe, haombi hela kabisa. Ukijibu anakwambia yuko kwenye kikao hawezi kupokea simu, halafu kuna mtu ana shida kubwa ila ni siri usimwambie mtu, halafu ndo inakuja "nisaidie sasa hivi ntakurudishia jioni". Yani hapo ameshakufungia kila mlango, kupiga huwezi na kuuliza mwenzako huwezi. Huko Marekani wanaombwa kadi za zawadi, unanunua unapiga picha zile namba za nyuma unamtumia, mpaka FTC, shirika la serikali yao linalolinda wateja, ilitoa onyo 2019 kuhusu matapeli wanaojifanya wachungaji na mapadri. Njia ya malipo inabadilika tu kwa nchi, ila siku zote ni ile ambayo hela ikishaenda kuirudisha ni shughuli.

Taarifa walikua wanazipata kwetu wenyewe. Majina ya wazee wa kanisa na vyeo vyao, picha ya mchungaji safi kabisa, na linki ya kuingia kwenye grupu imewekwa wazi Facebook, mtu yeyote anaingia anavuna namba zote. Nikaifuta linki nikaitengeneza upya, namba binafsi za viongozi nikatoa nikabakiza ya ofisi.

Lakini hilo halikua tatizo lenyewe. Niliongea na waliotuma hela na wengi walishastuka kidogo, namba ngeni, lugha sio yake, ila wakasema sasa ntampigiaje baba mchungaji nimuulize kama ni yeye kweli? Ataona namdharau. Heshima ndo iliwaponza, sio ujinga, na hakuna seting ya simu inayotibu hiyo.

Kwahiyo nikamfata mchungaji nikamwambia hili lazima utangaze mwenyewe madhabahuni, mimi nikisema watanisikia tu. Akakubali. Tatizo likaja kwenye neno la pili, kwamba aache kabisa kuomba mchango wowote kwa meseji, hata wa kweli hata wa msiba, maana yeye alikua na hiyo tabia na watu walishaizoea. Hapo tulivutana. Akawa anasema je kukiwa na dharura, nikamwambia dharura ndo neno la tapeli, ukijiachia mlango mmoja na yeye atapita humohumo. Mwishowe akasimama akasema: siombi hela kwa meseji, ukipata ujumbe kama huo nipigie kwa namba yangu unayoijua siku zote, na ukinipigia umenisaidia.

Baada ya muda akajisahau, akamtext mama mmoja mzee kuhusu mchango wa mgonjwa. Yule mama hakujibu kitu, akampigia moja kwa moja, "baba, kuna mwizi anatumia namba yako". Mchungaji alicheka sana na tangu siku hiyo mimi sijamkumbusha tena.

Kwa mtunza hazina tuliweka ukali zaidi. Akaunti ya sadaka ni moja, ikibadilika inatangazwa kwenye ibada na yeye akiwa na mzee mmoja pembeni, sio grupuni. Malipo yoyote ya nje watu wawili, na kuhakikisha ni kupiga namba iliyokuwepo kwenye simu toka zamani, sio ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Hii inasaidia hata kwa sauti maana siku hizi AI inaiga sauti ya mtu na mahubiri ya mchungaji yamejaa mtandaoni, malighafi wanayo ya kutosha.

Kuna wengine WhatsApp yao yenyewe iliibiwa, hii mbaya zaidi kwasababu meseji inatoka namba ya kweli. Wanakuambia nimekutumia namba sita kimakosa nirudishie, kumbe ndo namba za siri za kuingilia WhatsApp yako zinazokuja kwa SMS, ukituma imeisha. Baada ya ibada vijana walikaa na wazee wakawawashia uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada unayojiwekea mwenyewe, ipo kwenye mipangilio ya WhatsApp upande wa akaunti. Kama umeshaibiwa jisajili upya na namba yako, ukiingiza namba sita mpya mwizi anatolewa, ila kama aliweka PIN yake utasubiri siku 7 ndo uingie.

Waliopoteza hela hatuwataji majina. Tunawaambia wapigie haraka kampuni waliyotumia kutuma, na wakae chonjo na atakayekuja kusema anaweza kuwarudishia hela zao kwa ada kidogo, huyo mara nyingi ni tapeli wa awamu ya pili.

Sasahivi ugomvi uliobaki ni na viongozi wa vijana, wanataka linki ya grupu irudi wazi eti wageni wanapata shida kujiunga. Nimewaambia mgeni aje aombe kwa admini ana kwa ana, wamenuna, tuko hapo.