Uzi ulikatika, nikampenda zaidi

Jana jioni nilikuwa Dunga, ufukweni Kisumu, samaki mzima wa ngege mbele yangu, ndipo yule mpiga nyatiti wangu akakaa kwenye kigoda chake. Nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, ina nyuzi 8, na kazi si ya vidole peke yake. Pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga mbao, njuga zinalia, na bado aimbe. Wimbo wa pili haujafika katikati, uzi ukakatika. Meza ya nyuma wakacheka.

Jamaa hata hakusimama. Akautazama ule uzi unaning'inia, akaanza kuuimbia kwa Kijaluo, anaulaumu kama mke aliyerudi kwao bila kuaga, na pete inaendelea tu: ko, ko, ko. Mama wa samaki akasahau sufuria mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi.

Na sauti yenyewe si nzuri, tusidanganyane. Inakwaruza, akipanda juu inapasuka. Dada yangu anasema mimi napenda vitu vibovu (ameiona simu yangu). Lakini kuna wale wanaoimba bila kosa hata moja, napiga makofi, nikifika stendi nimeshawasahau. Huyu, ile sauti ikipasuka, najikuta nimeshika meza.

Sisemi kila kasoro ni tamu. Anayetuweka masaa matatu kisha anapanda jukwaani amelewa, hiyo ni dharau.

Nilipoondoka alikuwa bado anapekua mfuko akitafuta uzi mwingine. Nikamwekea mia mbili kwenye kofia.