Nilivyojifunza ukocha wa baiskeli Iten, baada ya kuharibu vijana wawili kwanza

Watu huniuliza nilisomea wapi ukocha na mi hucheka tu, manake chuo changu kilikua keria ya black mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo. Nilianza kubeba watu Eldoret nikiwa na miaka 17, baiskeli ya chuma, gia moja, abiria nyuma kwa kile kiti cha sponji, na kama ni mama ametoka soko na gunia la viazi basi unabeba mama na gunia lake. Hiyo kazi ilikufa haraka. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi kwenye pikipiki ndogo na kabla hujakaa sawa steji yote ikawa ni injini, sisi wa kukanyaga tukabaki kupeleka maziwa na mikate.

Mwaka huohuo ndio tukasikia habari ya Zakayo Nderi, kijana aliyekua anang'arisha viatu hapohapo Eldoret, amepelekwa Ufaransa na jamaa mmoja wa Singapore akapanda Alpe d'Huez, ule mlima wa kona 21 wa Tour de France, kwa dakika 42 na sekunde kadhaa. Tukasema basi, imeisha. Kama mtu wa viatu anaweza hivyo, tuna mapafu ya huku juu milimani, tunangoja nini? Hiyo imani ya mapafu ndio ilinifanya niwe kocha, na ndio hiyohiyo ilinifanya niwe kocha mbaya kwa kama miaka mitatu hivi.

Nikahamia Iten, mji wa wakimbiaji, nikafungua kibanda cha fundi wa baiskeli. Kuziba pancha, kunyoosha rimu, kuosha cheni na mafuta taa. Vijana wakaanza kukaa pale, wengi ni wakimbiaji waliogongwa na goti ama kano ya kisigino wakaambiwa wajaribu baiskeli, na kwa sababu mi ndio nilikua na pampu na nywele zimeanza kuwa nyeupe wakaanza kuniita kocha. Sikukataa.

Mazoezi yangu yalikua moja tu, kukanyaga mpaka ufe. Kila siku. Jumatatu kupanda, Jumanne kupanda, Jumatano kupanda na kushindana nani atafika wa kwanza. Mmoja wao, tumuite Kip (huku ukisema Kip umesema watu elfu kumi), alikua na nguvu sijawahi kuona tena. Tukampeleka mbio za kilomita 120. Mpaka kilomita ya 80 alikua mbele na wale watu wenye baiskeli za kaboni, mi niko nyuma kwa pikapu ya mtu napiga kelele kama kichaa. Kilomita ya 95 tukamkuta amekaa chini ya mti, baiskeli imelala, anakula nyasi. Sitanii, alikua ametia majani ya nyasi mdomoni anatafuna, na macho yake hayakunitambua. Nikamuuliza ulikula nini asubuhi, akasema chai. Njiani je? Akaniangalia kama nimemtukana.

Sasa hapo ndio nilianza kufikiri vizuri kwa mara ya kwanza. Mkimbiaji wa huku anaamka saa kumi na moja u nusu, anakimbia saa moja ama zaidi kidogo bila kutia kitu mdomoni, anarudi ndio anakunywa chai na mkate. Inafanya kazi, manake mbio zake zinaisha kabla njaa haijafika. Hata marathoni, wale wa mbele wanamaliza kwa saa mbili na dakika kadhaa, na hao pia siku hizi chupa zao za sukari ziko mezani kila kilomita tano. Mtu wa baiskeli yuko barabarani saa nne, saa tano. Sukari iliyo kwa misuli na ini ukikanyaga kwa nguvu inakupeleka kama saa moja na nusu mpaka mbili, baada ya hapo unakata moto, na mapafu yako mazuri yatakusaidia tu kupumua vizuri ukiwa umekaa chini ya mti.

Wa pili nilimuumiza kabisa na hilo ni kosa langu, siwezi kuzunguka. Ukitoka Iten kuelekea Kabarnet barabara inadondoka ukingoni mwa bonde, unapita Tambach, kona juu ya kona, zaidi ya mita 1,000 za mteremko mpaka mto Kerio. Mtu ana wiki moja kwa baiskeli ya mbio, nikamwambia nifuate. Kwa kona moja juu ya Tambach akashika breki katikati ya kona badala ya kabla, gurudumu la mbele likamkimbia, akaenda mtaroni. Mtulinga ukavunjika. Mamake hakunigombeza hata neno moja, alinipa kiti na chai, na hiyo ndio ilinikaa vibaya zaidi.

Nikasimamisha kila kitu kama miezi miwili. Nikawa nakaa tu mbele ya kibanda asubuhi naangalia wakimbiaji, na nikaona kitu ambacho kilikua mbele yangu miaka yote. Alhamisi wanafanya fartlek, dakika moja haraka dakika moja taratibu, kundi la watu zaidi ya mia, vumbi kila mahali, hapo wanaumizana kweli. Lakini Ijumaa asubuhi mtu huyohuyo wa marathoni ya saa 2 na dakika 6 anapita kibandani kwangu karibu anatembea, anaongea, anacheka, mwendo ambao hata mi na tumbo langu ningeweza kumfuata. Siku ngumu ni ngumu, siku rahisi ni rahisi mpaka aibu. Baadaye mzungu mmoja mteja akaniambia kuna mtafiti, Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, aliwachunguza wanariadha wakubwa wa michezo ya kuvumilia akakuta karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya taratibu. Nikamwambia angekuja kukaa kwa stuli yangu wiki moja angemaliza utafiti mapema.

Kwa hivyo siku hizi sina pawa mita, kile kifaa cha kupima nguvu ya kukanyaga, hizo ni pesa za ng'ombe wawili, nina swali. Tukiwa tunaenda taratibu namwambia kijana nisimulie ulichokula jana toka asubuhi, na akikata sentensi kuvuta pumzi, apunguze. Wasichana wanapenda kuimba nyimbo za kwaya, hiyo pia sawa. Siku ngumu ni mbili tu kwa wiki na mojawapo tunaifanyia chini bondeni. Kule Iten kwa mita karibu 2,400 hewa unayovuta ina kama robo tatu tu ya oksijeni ya pwani, damu inazoea lakini miguu haiwezi kukanyaga kwa nguvu yake yote. Wamarekani wawili, Levine na Stray-Gundersen, walitoa utafiti 1997, ishi juu fanya kazi ngumu chini, na sisi Mungu ametupa yote mawili kwa barabara moja. Shida ni joto la Kerio, na kwamba ukimaliza kazi ngumu nyumbani ni juu kule. Hapo tunarudi polepole sana, tukisimama kununua maembe.

Kushuka tunafundishana kwa uwanja wa shule kwanza, kwa nyasi. Chupa inawekwa chini, unapita ukiinama unaiokota bila kusimama. Alafu wawili wanaenda bega kwa bega wanasukumana. Wanaanguka, wanacheka, wanaamka. Mwezi mzima kabla mtu hajaona Tambach, na akienda ni breki kabla ya kona, mguu wa nje chini, macho unakotaka kwenda, sio kwa mtaro. Waeritrea wamenifunza hapa bila kujua. Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France 2024 akachukua jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi, na Asmara, mji mkuu wao, iko juu karibu kama sisi, kwa hivyo tofauti yetu na wao sio mapafu. Wao baiskeli iliingia na Waitaliano, wanashindana toka utotoni, wamezoea kukaa katikati ya kundi kama samaki. Sisi kundi linatutisha, tunakimbilia mbele kukata upepo peke yetu alafu tunajiita wenye nguvu.

Na chakula, hiyo nimekua dikteta. Kila dakika 20 napiga filimbi, kila mtu anatia kitu mdomoni hata kama hana njaa, hasa kama hana njaa. Jeli za dukani hatuwezi. Chupa moja ina sukari vijiko kumi vya chai na chumvi kidogo na ndimu, mfukoni kuna viazi vidogo vya kuchemsha vya chumvi, ndizi mbili, na chapati moja iliyopakwa asali ikakunjwa ikakatwa vipande vya kutosha mdomo mmoja. Kila mtu ana daftari la kurasa 96, anaandika mapigo ya moyo akiwa bado kitandani, na amekula nini njiani. Mapigo yakipanda saba ama nane juu ya kawaida asubuhi mbili mfululizo, namrudisha alale. Wananichukia hiyo siku.

Sasa nina msichana mmoja, alikua anabeba maziwa kama mimi. Mwezi uliopita kamaliza mbio yake ya kwanza ya kilomita 140, nafasi ya tisa, nikamuuliza imekuaje akasema njaa haikuja, ila vipande vitatu vya chapati vilimwanguka manake mfuko wa jezi umepasuka. Jezi zetu ni mitumba, mifuko ndio huenda kwanza. Nimezipeleka kwa fundi wa nguo ashone mifuko mipya, ya kitambaa cha suruali, yenye lastiki juu. Mbio nyingine ni Jumapili. Fundi ameniambia nikuje Alhamisi, na nyinyi mnaijua Alhamisi ya fundi.