Dude likiwa bado chini

Leo nimemaliza riwaya nyingine ya dude la baharini. Ni riwaya pendwa, yaani ya kuburudisha umma, ya wazi kabisa: jaladani kuna kinywa kilichoachama chini ya mashua, ndani kuna mtaalamu asiyesikilizwa, tajiri anayeficha habari na nahodha mzee anayejua mengi ila hasemi. Watu hao nimeshakutana nao katika vitabu vingi na bado sijawachoka.

Kinachonivuta zaidi ni zile kurasa ambazo dude halijaonekana. Bahari shwari, upepo hakuna, lakini kamba ya nanga imekaza ghafla. Baharia anaishika, anasikia inatetemeka kiganjani, anamwita mwenzake. Mwenzake anapofika, kamba imelegea. Wanaivuta, inakuja nyepesi, na nanga haipo. Mwandishi hajataja mnyama yeyote, nami tayari nimekunja miguu kitini.

Mwandishi wa hadithi za mizimu hungoja usiku uingie. Huyu wa baharini ana giza saa zote. Ukishuka mita 200 mwanga wa jua unakuwa hafifu mno, na ukipita mita 1,000 haufiki kabisa, hata kama huko juu ni adhuhuri. Anayeelea anaona kidogo tu chini ya nyayo zake, na hana pa kukimbilia wala pa kujibanza.

Halafu kuna jambo linalozipa hadithi hizi nguvu ya pekee: bahari imewahi kuwaumbua wenye mashaka. Mwaka 1861 manowari ya Kifaransa, Alecton, ilikutana na ngisi mkubwa ajabu karibu na kisiwa cha Tenerife, katika Atlantiki. Mabaharia walimfunga kamba wakajaribu kumpandisha, ikamkata, wakabaki na kipande cha mkia. Wasomi wengi hawakuwaamini. Ngisi wa aina hiyo alipigwa picha akiwa hai kilindini kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na wanasayansi wa Japani, kwenye kina cha mita 900 hivi. Alinasa kwenye chambo, akahangaika kwa saa nne na zaidi, kisha akajinasua na kuacha mnyiri, ule mkono wake mrefu wa kunasia, wa zaidi ya mita tano. Mnyiri ulipopandishwa chomboni, vikombe vyake vya kung'ang'ania bado vilikuwa vikishika. Ningeisoma sura hiyo riwayani ningesema mwandishi kapiga chumvi.

Katika riwaya zinazoheshimiwa, dude mara nyingi hugeuka kuwa ishara ya huzuni au dhambi ya mhusika. Nazipenda hizo pia. Lakini humu dude lina njaa, basi. Lina uzito, harufu na makovu, na halimjui mtu kwa jina. Kukumbushwa kwamba dunia haikuumbwa kwa ajili yetu peke yetu kunanipa utulivu ambao sijaupata katika vitabu vya faraja.

Kuna upande unaoniuma, nao ni papa. Hofu ya vitabuni iliwafuata hadi majini. Peter Benchley, aliyetoa riwaya yake ya papa muuaji mwaka 1974, alitumia miaka yake ya baadaye kuwatetea. Namheshimu sana kwa hilo. Tangu nilipojua habari hiyo, nasoma nikiwa nalisikiliza dude lenyewe: limeamshwa na nini, nani amechimba sakafu ya bahari, nani amemaliza samaki waliokuwa chakula chake. Mwandishi anayejali hujibu maswali hayo bila kulipunguzia dude meno hata moja.

Ndiyo maana sizipendi tamati za baruti. Kurasa 300 za kutega masikio, kisha mlipuko mmoja na nyama zinazoelea! Hii ya leo imenifurahisha kwa sababu dude linazama na chusa ubavuni, na waliobaki hai wanabishana, kila mmoja kwa hoja nzito, kama wawaambie watu walichokiona au wanyamaze.