Uzoefu wangu: kupima mwamba wa dhahabu na fedha kwenye milima mikavu

Arusha tumezoea vito. Dalali anachukua jiwe, analielekeza juani, analitazama kwa lenzi, anataja bei. Dhahabu na fedha za mwambani hazipimwi hivyo, na mazoea hayo yanaharibu sampuli nyingi zinazoletwa mjini: mtu ameokota vipande vinavyong'aa, maabara imempa gramu 60 kwa tani, kisha anaweka mtaji kwenye mwamba wenye gramu 4. Hapa naeleza ninavyofanya kwenye eneo la leseni ndogo ya uchimbaji lililoko milima mikavu, ambako mwamba ni mshipa wa kwatzi (jiwe gumu jeupe) wenye unene wa sm 30 na maji yanaletwa kwa madumu.

Kabla ya kukata chochote nasugua uso wa mwamba kwa brashi ya waya. Upepo hupeperusha vumbi jepesi na kuacha punje nzito kwenye nyufa, kwa hiyo uso usiosafishwa hudanganya. Kisha natandika turubai chini na kukata mfereji kwa nyundo na tindo, kukatiza mwamba kutoka ukuta hadi ukuta (kuta ni jiwe la kando linaloubana mshipa pande mbili), upana sm 10 na kina sm 5. Mshipa wa sm 30 hutoa kilo 4 hivi. Kuta za pande mbili zinaingia viroba vyake, kwa sababu mchimbaji hatoshei kwenye sm 30. Atabomoa hadi sm 90, na jiwe tupu litachanganyika na lenye mali. Narudia kila mita 5 kufuata mwamba, namba ya sampuli ikiwa ndani ya kiroba na nje.

Hapo kwenye kukata ndipo kazi nyingi inapoharibika. Mwamba una sehemu laini za kutu nyekundu na sehemu ngumu nyeupe. Tindo inapenda kutu, na mara nyingi dhahabu iko humo humo kwenye kutu. Mkono ukichoka unachukua laini nyingi na ngumu kidogo, na jibu linapanda bila mali kuongezeka. Kata polepole, kina kiwe kilekile mwanzo hadi mwisho.

Ukame wenyewe unaleta jambo jingine. Karibu na uso, pairiti (madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu) na galena (madini ya risasi) zimeoza zikaacha kutu, dhahabu imebaki huru, na fedha inaweza kugeuka kuwa kloraidi: kitu laini kama nta, kinachokatika kwa kisu na kugeuka rangi ya kijivu au zambarau kikikaa kwenye mwanga. Chini ya ukanda wa kutu, dhahabu huweza kuwa imefungwa ndani ya pairiti, na karai la kuoshea unga halitaiona. Kwa hiyo nachimba shimo moja kupita ukanda huo na kuchukua sampuli za juu na za chini kando kando.

Mawe hayatoki kwenye leseni bila kibali cha ofisi ya madini. Nyumbani Arusha naponda kwa kinu cha chuma, nikivaa barakoa inayobana uso, maana vumbi la kwatzi huua mapafu taratibu. Karasha (mashine ya kusaga mawe) la kukodi naliogopa: unga wa mteja aliyetangulia unabaki ndani. Likilazimu, nasaga kwanza jiwe tupu. Unga nauchanganya, naurundika, naugawa robo nne, nachukua robo mbili zinazotazamana. Nusu nyingine inabaki kwangu.

Kilo moja kutoka nusu yangu naosha kwa karai ndani ya beseni, maji yaleyale yakituama na kutumika tena. Matone machache ya sabuni ya maji yanazuia dhahabu nyembamba isielee. Kinachobaki nakitazama juani kisha kivulini: ulanga, yale magamba membamba yanayometa, hupoteza mng'ao kivulini, dhahabu haibadiliki. Sindano inamaliza ubishi, kwani pairiti huvunjika na dhahabu hupinda. Usitegemee kingi, kilo ya mwamba wa gramu 4 kwa tani ina miligramu 4 tu. Zebaki haihitajiki hapa, na fedha iliyo ndani ya galena huwezi kuitambua kwenye karai hata kidogo.

Ndiyo maana ile nusu ya kwanza napeleka maabara ya GST (taasisi ya serikali ya jiolojia) Dodoma na kuandika wazi kwamba nataka dhahabu na fedha zote mbili. Katikati ya viroba naweka kimoja cha jiwe jeusi la volkano, lile la kujengea misingi hapa mjini. Kikirudi na dhahabu, kuna uchafu uliopita kati ya sampuli. Pia narudia sampuli moja kwa namba tofauti. Maabara nyingi huyeyusha gramu 30 tu za unga. Punje moja ya dhahabu yenye nusu milimita kila upande ina zaidi ya miligramu 2, na ikiangukia humo jibu linasoma karibu gramu 80 kwa tani. Majibu mawili ya unga uleule yakipishana sana, dhahabu ni ya punje kubwa na kilo 4 hazitoshi. Nakata mfereji mpana zaidi.

Hesabu ya mwisho nafanya kwa upana wa kuchimba. Sm 30 zenye gramu 12 zikigawanywa kwenye sm 90 zinakuwa gramu 4, kuta zikiwa tupu. Fedha naihesabu peke yake kwa bei yake, maana gramu moja ya dhahabu inanunua makumi ya gramu za fedha.