Dalia Mbili

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, dalia ni unga. Unga wa manjano unaonukia, kina mama humsinga nao bibi harusi mpaka ngozi ing'ae. Kwa hiyo Ijumaa yangu ya kwanza shambani Karen, mwaka 2011, mama mwenye shamba aliponiambia, "Nenda kakate dalia, ndoo nne," nilibaki nimesimama. Akanionyesha kwa mkono. Nyuma ya kibanda cha kupangia maua kulikuwa na matuta marefu yenye vichwa vyekundu, vyeupe na vya zambarau, vingine vipana kama sahani.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, baridi ya Nairobi inaanza kulegea. Kesho yake kulikuwa na harusi kanisani mjini, na meza kumi na mbili za kupamba.

Mimi maua nilikuwa nayajua. Nimelelewa na Bibi aliyetunga asumini kila jioni barazani, na asumini huchumwa matumba. Ukiyatunga magharibi, usiku yanachanua yenyewe kwenye uzi, chumba kizima kinanukia. "Lililokwisha kuchanua liache mtini," Bibi alikuwa akisema. Basi nikayaacha mtini. Jua la saa sita likiwa utosini, nilipita tuta kwa tuta nikikata matumba yaliyonona, nikiyaruka yote yaliyofunguka. Ndoo nne zikajaa, nikaziweka kivulini nikiwa na raha moyoni.

Mama alikuja saa tisa. Hakupaza sauti. Alichukua tumba moja, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalirudisha ndooni taratibu.

"Mwanangu, haya hayatafunguka."

Waridi, aliniambia, ukilikata limefumba litafunguka majini. Dalia sivyo: ilivyo siku ya kukatwa ndivyo itakavyobaki. Hukatwa ikiwa imechanua, au imebakiza kidogo tu, na hukatwa alfajiri, maana kikonyo chake kina uwazi ndani na ukikikata juani ua linalegea upesi. Kisha akaligeuza ua moja lililokuwa bado shinani, akanionyesha mgongo wake. Petali za nyuma zikiwa ngumu na zimejaa, ua ni bichi. Zikiwa laini, zimekauka kama karatasi, umechelewa. Mpaka leo siwezi kununua dalia kwa wauzaji wa City Market bila kuigeuza kwanza.

Niliona aibu iliyonikaba. Vile viazi, yaani mizizi minene ya dalia, vilikuwa vimepandwa na watu, vikapaliliwa na kumwagiliwa kwa miezi, nami nimeyamaliza maua yake kwa mchana mmoja.

Tulirudi matutani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na tochi. Nakumbuka ua moja jekundu iva, katikati karibu jeusi. Petali zake zilikuwa zimekunjwa kila moja kama kona ya sambusa, zimepangana kwa safu zisizokosea, na ndani ya kila mkunjo limelala tone la umande. Nililishika muda mrefu kabla ya kulikata.

Kibandani alinifundisha kupanga. Tulifinyanga waya wa kuku, tukaushindilia ndani ya bakuli ili uvishike vikonyo. Majani yote yatakayozama tuliyapukuta, maana yakioza yanachafua maji na ua linakufa mapema. Yale makubwa yalikaa chini karibu na ukingo kwa sababu ya uzito, yale madogo ya mviringo yakapanda juu, na hakuna mawili yaliyotazama upande mmoja. Mikono ikiendelea, alinisimulia kwamba Uingereza dalia hufika kilele mwishoni mwa kiangazi, kisha jalidi ya kwanza huzifanya nyeusi, na wakulima wengi huchimbua viazi na kuvihifadhi ndani mpaka baridi ipite. Asili yake ni Meksiko, ambako tangu 1963 ndilo ua la taifa, na jina limetokana na Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Nami nikamweleza dalia yetu. Hakuwahi kuisikia.

Meza zote kumi na mbili zilipambika.

Matumba yangu niliyachukua kwenda nayo chumbani kwangu Kawangware. Nilibadilisha maji kila asubuhi. Jumatatu shingo zilikuwa zimelala, na hakuna hata moja lililofunguka. Nikampigia Bibi.

"Yananukia?" aliuliza.

"Hayanukii, Bibi."

Alinyamaza kidogo. "Maskini," akasema.

Wiki iliyofuata kifurushi kilikuja kwa basi: dalia ya unga, ndani ya kitambaa cheupe. Nilimpelekea mama mwenye shamba. Alichovya kidole, akakinusa akiwa amefumba macho, kisha akakipitisha polepole nyuma ya ua jeupe lililokuwa mezani.